Apake, Asipake? Mjadala wa Uani Tingi

Hoja ni hii. Mwanamke wa miaka 52, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu, mama wa binti anayeolewa baada ya wiki tatu. Hedhi imemkatika, mwaka wa pili huu. Panja zote mbili zimeota mvi, na utosini nywele zimepungua hata akichana njia ya katikati ngozi inaonekana upana wa kidole. Dukani kuna pakiti ya rangi nyeusi. Apake, asipake?

Mjadala nimeuweka Tingi, wilaya ya Kilwa, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, kabla hujafika Nangurukuru. Nimepachagua kwa kuwa mwanamke wa hapa anavyo vyote viwili: mhina unaota uani, na pakiti inashuka na basi. Ikifika Juni na Julai, pesa ya ufuta ikiingia, pakiti hizo hununuliwa kama sukari.

Wazungumzaji hawana majina kwa sababu si watu fulani. Ni hoja zinazozunguka pwani hii, kila moja nimeipa mkeka wake na sauti yake. Muuguzi pekee nimemkopesha niliyoyasoma. Wakati ni baada ya alasiri, wanaume hawapo, ushungi umeshushwa mabegani.

SOMO: Mkubwa hapa ni mimi, basi nianze. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, nikafundwa, nikachezwa, nikatolewa na kanga mpya. Nilipokatika hakuna aliyenicheza. Usiku mwili unawaka, natupa shuka, mume ananiuliza kama nina homa. Kwa hiyo simshangai mwalimu akihangaika, maana hili hakufundwa. Lakini pakiti, la. Mhina ule pale. Mama yangu alipaka hina, na bibi yangu alipaka hina.

MSUSI: Shikamoo somo. Hina siipingi, naipaka kila Ijumaa. Ila juu ya mvi haitoi weusi, inatoa wekundu wa chungwa lililoiva. Mwalimu ni mweupe pembeni na mweusi kisogoni. Nikimpaka hina tupu atatoka rangi mbili, na picha za harusi hukaa miaka. Wateja wa umri wake wakija kwangu husema, nirudishie rangi yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia, nigeuze mwekundu.

SOMO: Na wewe mwanangu unamrudishia?

MSUSI: Kwa mwezi hivi. Halafu mashina yanachomoza meupe, anarudi.

MAMA MAALIM: Mimi nauliza, nani atakayeziona? Mwalimu akitoka mlangoni amejifunga ushungi. Shuleni ushungi, sokoni ushungi, msibani ushungi. Mtu anajitia kemikali kichwani kwa ajili ya kitu kilichofunikwa?

MWALIMU: Ataziona mume wangu. Watakaoziona ni wanawake wenzangu siku ya singo, tukivua ushungi tukacheza, na kila mmoja anampima mwenzake kwa macho. Nitaziona mimi asubuhi kwenye kioo. Na kwa heshima zote, mama maalim, ndevu za mume wangu zimekuwa nyeusi tangu mwaka juzi na hakuna aliyemwitia kikao.

Hapa mwalimu kafunga bao, na sioni wa kulirudisha. Ukikaa kwenye kituo chochote cha basi barabara hii utaona wazee wa miaka 60 wenye ndevu nyeusi ti kama za mtahiniwa wa kidato cha nne, na watu huziita utanashati. Mke akipaka, wanasema anakimbia umri.

MAMA MAALIM: Naye angeitiwa, kama angekuja kuuliza. Habari ya Abu Quhafa, baba yake Abubakar, imo katika Sahihi Muslim. Aliletwa siku ya kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu vyeupe vyote. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe kwa kitu, na weusi uepukwe. Watu hushika nusu ya pili wakasahau ya kwanza. Kuzibadilisha mvi kumeagizwa. Kilichowekewa mpaka ni weusi. Na mpaka huo unamhusu mwenye ndevu sawa na mwenye vishungi. Sisi pwani hii ni Mashafii, na wanazuoni wetu wakubwa wameushika kwa nguvu. Wapo waliosema ni karaha tu, wapo waliomlegezea mke anayejipamba kwa idhini ya mumewe. Mwenye kutaka fatwa amwendee shehe wake asije kwangu. Ila hina haina ugomvi kwa yeyote. Imesifiwa, yenyewe na katam, mmea ule unaotia rangi ya giza.

MWALIMU: Kwa hiyo kujipamba kwa umri wangu si aibu?

MAMA MAALIM: Nani kasema aibu? Angalia eda. Mjane anakaa miezi 4 na siku 10, na katika yanayomkataza eda ni hina. Kwa nini? Kwa kuwa ni pambo. Eda ikiisha pambo linarudi, awe na miaka 20 au 70. Sheria haikuweka umri wa kuacha kupendeza. Umri huo tumeuweka sisi, na majirani.

SOMO: Basi tuliseme lile linalozungukwa. Mwalimu haogopi picha. Anaogopa uke wenza.

MWALIMU: Somo!

SOMO: Mbona ni ukweli wa kila nyumba? Hedhi ikikoma wanaume husema mwanamke ameisha. Anasikia maneno hayo kisimani, kwenye daladala, kwenye taarabu. Anaangalia kioo, anaona mvi, na moyoni anaona kiti cha mwenziwe kimeshaandaliwa. Pakiti ile hainunuliwi kwa ajili ya nywele.

MWALIMU: Nusu ni hiyo, sikatai. Nusu nyingine ni kwamba sijitambui. Mwili umekuwa wa mtu mwingine ndani ya miaka miwili: silali, nasahau majina ya watoto darasani, kidevu kinaota nywele huku za kichwa zinakwenda na chanuo. Nataka kitu kimoja kirudi kama kilivyokuwa. Kimoja tu.

Muuguzi alikuwa kimya muda wote huu, akichambua mchele. Ni mkunga mstaafu, na wastaafu wa kazi hiyo wana tabia ya kungoja watu wamalize kusema wasichokijua.

MUUGUZI: Mnajadili panja. Mimi naangalia utosi. Mwalimu ana mambo mawili kichwani na nyinyi mnataka kuyatibu kwa pakiti moja. Mvi ni jambo moja. Kupungua ni jingine.

Mvi hutokea pale chembe zinazotengeneza rangi kwenye shina la unywele zinapoisha. Kubwa hapo ni umri na urithi. Mama yako akiwahi, nawe utawahi. Kwa wastani Wazungu huanza kuziona katikati ya miaka ya 30, sisi watu weusi katikati ya miaka ya 40. Hedhi nayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55. Vitu viwili vinakutana njiani, watu wanadhani kimoja kimemleta mwenzake. Mvi haziumwi. Hazihitaji dawa, zinahitaji uamuzi wako tu.

Kupungua ndiko kunakofungamana na hedhi. Homoni za kike, estrojeni na projesteroni, zikishuka, ule muda ambao unywele hukaa ukikua unafupika, na unaoota badala yake hutoka mwembamba. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, sasa zinajikuta hazina mpinzani. Ndiyo maana kidevu kinaota na utosi unapungua, kichwa hicho hicho, mwezi huo huo. Na mafuta ya ngozi yanapungua pia. Nywele zetu za kipilipili ni kavu tangu mwanzo. Zikikosa na hayo machache, zinakatika kabla hazijarefuka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya kila mtu. Ukiona kichana kimejaa kila asubuhi kwa miezi, hiyo si kawaida tena.

MWALIMU: Kwa hiyo ni umri. Nivumilie.

MUUGUZI: Sijasema hivyo, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Kila kinachomtokea mwanamke wa miaka 50 anaambiwa ni kukoma hedhi. Niambie, miaka ile ya mwisho kabla haijakatika, ilikuwaje?

MWALIMU: Ilikuwa balaa. Siku tisa, kumi, mabonge. Nilikuwa nakaa darasani na kanga mbili.

MUUGUZI: Na ulipima damu?

MWALIMU: Nilikula majani ya matembele.

MUUGUZI: Matembele ni mazuri, lakini damu ya siku kumi kila mwezi haijazwi na mboga. Ongeza safura na malaria ya pwani hii. Mwili ukikosa madini ya chuma huanza kunyima sehemu usizozihitaji uishi, na nywele ndizo za kwanza. Kuna na tezi ya shingo: ikizembea, nywele huanguka, mwili unachoka, unanenepa, hedhi inavurugika, na kila mtu anasema ni umri. Vyote viwili hupimwa kwa damu na vyote vina tiba. Usipopima, utakuwa umepaka rangi juu ya ugonjwa unaotibika.

MSUSI: Afadhali leo mmeniacha mimi. Kwa kawaida nywele zikikatika anayelaumiwa ni msusi.

MUUGUZI: Subiri, zamu yako inakuja. Pale Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliwachunguza watu vichwa, na karibu theluthi moja ya wanawake walikutwa nywele zimeng'oka pembezoni kwa kuvutwa. Rasta nzito, twende kilioni iliyokazwa mpaka mtu hafumbi macho, na mbaya zaidi, kusuka juu ya nywele zilizotiwa dawa. Ujanani zinarudi. Ukivuta miaka 30, shina linakufa.

MSUSI: Mteja mwenyewe ndiye anayesema kaza!

MUUGUZI: Na wewe ndiye mwenye mkono. Halafu kuna lile la utosini, ambalo ndilo linalonitisha zaidi. Linawapata wanawake wenye asili ya Afrika wa umri wa kati kuliko watu wengine. Linaanza katikati ya utosi na kupanuka kama duara. Panawasha, panachoma, au pauma ukipagusa. Wengine hawasikii chochote. Vitundu vya nywele vinaziba na ngozi inakuwa laini, inang'aa. Hilo ni kovu. Mahali palipokwisha kuwa kovu, hakuna mafuta, hakuna dawa, hakuna dua ya msusi itakayootesha. Dawa za hospitali hulisimamisha lisienee, ndiyo maana kuwahi ni kila kitu. Mwalimu, wako unawasha?

MWALIMU: Hauwashi. Na bado una vinyweleo vidogo, nimeviona.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha mwalimu.

SOMO: Wangu uliwasha. Zamani sana, enzi za kalikiti, nilipokuwa nakaa kwa dada yangu Dar es Salaam, Temeke. Tulikuwa tunapaka ile dawa mpaka machozi yanatoka, tukisema ndiyo inashika. Utosi ukawasha mwaka mzima. Nikauzoea. Zilipoanza kutoka nikazifunika kwa hina, maana hina hupaka mpaka ngozi, mtu akitazama haraka haoni weupe wa kichwa. Leo pana duara la kiganja hapa. Mnaiona hina yangu nzuri. Chini yake hakuna kitu.

Nimemwekea somo maneno haya makusudi. Wanaotetea hina kwetu huizungumza kana kwamba jani la uani haliwezi kumdhuru mtu, na kwa sehemu kubwa wako sahihi. Lakini hina nayo huficha. Aliyefunika ugonjwa kwa jani na aliyeufunika kwa kemikali wamepoteza miaka ile ile.

MSUSI: Tukubaliane basi, mwalimu akapime damu. Akirudi mzima, harusi bado ipo, mvi bado zipo. Nimpake pakiti au nisimpake? Piko tunaipaka mikononi kila harusi na hakuna aliyekufa.

MUUGUZI: Leta hiyo pakiti tuisome. Piko ya harusi na unga mweusi wa pakiti ni ndugu wa tumbo moja. Ndani yake kuna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Jani la mhina halina kitu hicho, wala halina weusi. Ukikuta "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa, imechanganywa. Ulaya sheria inairuhusu PPD kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 pale inapofika kichwani, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Piko ya mkononi nani anaipima? Mnakoroga kwa kijiti.

Na ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza mwili haulalamiki papo hapo. Unajifunza. Binti wa miaka 20 anapakwa piko, baada ya siku chache maua yale yale yanainuka malengelenge, anaambiwa damu yake ni moto, yanapona. Mwili umeshaweka alama. Miaka 30 inapita, mvi zinakuja, anapaka pakiti kichwani: usiku ule ule au kesho yake kope zinavimba macho yasifunguke, masikio yanatoa majimaji, shingo inajaa. Mzio huo haufutiki maisha yote, na unaweza kuufanya mwili ukatae hata baadhi ya dawa za ganzi na za salfa. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitaja PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2006, si kwa heshima. Na hapo nazungumzia ngozi tu. Sudan, ambako huchanganya unga huo na hina, madaktari wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya watu walioletwa koo limevimba na figo zimesimama. Wengi wao waliunywa. Msiuweke mahali watoto wanapofika.

MAMA MAALIM: Ikhwani zangu, na hiyo ndiyo tunayowapaka maharusi?

MUUGUZI: Ndiyo hiyo. Bibi harusi wa wiki tatu zijazo mpakeni hina ya jani. Na watoto wachanga msiwapake hata hiyo ya jani. Wapo watoto wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinacholinda damu, ambao ni wengi ukanda huu wa malaria, na hina imewahi kuwavunja damu.

MSUSI: Na saratani? Wateja wananiuliza. Wamesikia kwenye simu.

MUUGUZI: Wamesikia nusu. Mwaka 2019 Marekani walitoa matokeo ya wanawake 46,709 waliofuatiliwa: waliokuwa wakipaka rangi ya kudumu walionekana na hatari ya saratani ya matiti kubwa kidogo, asilimia 9, na kwa wanawake weusi asilimia 45. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine, wauguzi 117,200 kwa miaka 36, na haukuona ongezeko la saratani kwa ujumla. Ila wengi wao walikuwa Wazungu, kwa hiyo hauwezi kutusemea sisi sana. Mimi nikipima vyote viwili nasema mtu anayepaka mara mbili tatu kwa mwaka asikose usingizi, na anayepaka kila wiki tano afikirie. Dawa za kunyoosha ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi: katika utafiti wa mwaka 2022, wale waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya maradufu.

Lakini wewe msusi, swali hilo ungejiuliza mwenyewe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema 2010 kwamba kwa mtu anayejipaka nyumbani ushahidi hautoshi; kwa anayefanya kazi ya kuwapaka wengine, kazi yenyewe wameiweka kwenye kundi la yanayoelekea kusababisha saratani. Onyesha vidole vyako.

MSUSI: Vinachubuka. Ni sabuni.

MUUGUZI: Si sabuni. Vaa glovu, fungua dirisha.

Mazungumzo yakahamia kwenye wigi, na yakafa haraka. Mama maalim akasema kuunga nywele kumekatazwa, msusi akasema hata bila katazo kofia ya wigi kwenye joto la Kilwa ni adhabu, somo akacheka. Mafuta yakachukua muda zaidi, kwa kuwa Lindi ni mkoa wa ufuta na Kilwa ni nchi ya minazi, na kila mwanamke ana imani na chupa yake. Muuguzi akawapa haki nusu: utafiti wa India uliochapishwa 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kumomonyoka kwa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha. Yanazuia kukatika. Hayaoteshi. Dawa ya kuotesha inayoeleweka ni minoksidili ya kupaka, inauzwa famasi, inataka miezi minne hadi sita kabla hujaona kitu, na ukiiacha kilichoota kinaondoka. Hakuna kinachofanya kazi ndani ya wiki tatu, na anayeahidi hivyo anataka pesa ya ufuta.

MWALIMU: Basi nimesikia yote. Nitapima. Lakini msinipeleke nyumbani bila jibu. Harusi, mvi, mimi. Nifanye nini?

SOMO: Hina. Na msusi achanganye na majani ya chai yaliyochemka sana na ndimu, akae nayo tangu adhuhuri hadi magharibi, arudie baada ya siku mbili. Wekundu utatulia uwe kahawia.

MSUSI: Hata hivyo hautakuwa weusi, somo. Mimi nasema rangi ya kahawia iliyoiva, ya dukani, si unga, isogezwe mbali na ngozi ya kichwa, ipakwe kwenye mvi tu. Na kwanza ajaribu kidogo nyuma ya sikio, akae siku mbili.

MUUGUZI: Saa 48 kamili, na msijaribu asubuhi ya harusi. Kukiwa na muwasho wowote, hiyo rangi si yake tena, leo wala kesho.

MAMA MAALIM: Au aziache. Vazi jema, wanja, marashi, na mvi zake panjani. Mama wa bibi harusi akionekana mama, kuna ubaya gani?

MWALIMU: Ubaya hakuna. Ila nataka kuwa nimezichagua, si kwamba nimezishindwa.

Nami niseme yangu, maana nimewaongoza mpaka hapa. Katika suala la rangi, namuunga mkono mwalimu. Mvi ni zake, na kama mume anaruhusiwa ndevu nyeusi bila kikao, mke naye aachwe afanye hesabu zake na Mungu wake na kioo chake. Kati ya njia tatu walizompa, mimi ningechagua hina, kwa sababu ya dini na ya ngozi pia, na ningeuvumilia wekundu. Atakayechagua rangi ya dukani simlaumu, mradi apite nyuma ya sikio kwanza. Unga mweusi na piko sivitetei. Wauzaji wanajua hawajui kilichomo, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Pakiti isiyoonyesha mtengenezaji, viambato wala tarehe haina kazi dukani.

Ninachokikataa ni ule utaratibu wa kwanza rangi, baadaye tutaona. Mwanamke wa pwani hufundwa kwa wiki nzima namna ya kuipokea hedhi, halafu anaachwa peke yake siku inapoaga, na pengo hilo limejazwa na mwenye duka. Makungwi wanaweza kuliziba; wanao uhodari na wanasikilizwa kuliko bango la zahanati. Wachukue somo moja tu la ziada, la wanawake wa miaka 45 na kuendelea: joto la usiku, damu nyingi ya mwisho, utosi, na pakiti.

Na wewe unayesoma ukiwa na umri huo, leo kabla ya kulala mwambie bintiyo akuangalie utosini kwa tochi ya simu. Akiona duara, ngozi inayong'aa, au wewe ukisikia panawasha au pauma, usipake chochote. Nenda hospitali ya wilaya, kwa watu wa Tingi ni Kinyonga, Kilwa Kivinje. Taja hedhi yako ilivyokuwa kabla haijakoma, omba upimwe wingi wa damu na uulize habari ya tezi, na kama una pakiti nyumbani iende nayo mkobani waisome. Wakikupa rufaa ya Sokoine, Lindi, ipokee. Mtaalamu wa ngozi akiutambua ugonjwa huo wa utosini mapema, zile nywele zilizobaki zinaweza kuokolewa.